Kutokuwa na uhakika kwa sayansi ni nini? Jaribu na mkebe wa maharagwe

Watu wengi wakisikia mwanasayansi anasema hana uhakika, wanadhani anabahatisha tu. Zii. Maana yake ni kwamba jibu analo, na anakwambia pia linaweza kupanda hadi wapi ama kushuka hadi wapi, na kwa nini.

Ukiwaandikia watoto wa gredi 7 hiyo ubaoni watakariri na kufika Ijumaa wamesahau, so afadhali uwaulize swali la hapa kwetu Kisumu: ngege, yaani tilapia, wako wangapi Ghuba ya Winam, hapa Ziwa Victoria? Si utawavua wote uwapange pale ufuo wa Dunga uhesabu, ama? Basi kila kundi lipewe mkebe wa maharagwe, hayo ndiyo samaki wao, idadi usiwaambie. Wachote 50, wapake kila moja rangi ya kucha, ikauke, wayarudishe na wakoroge vizuri, halafu wachote 60 bila kuangalia. Tuseme 10 yana rangi. Hiyo ni moja kwa kila sita, na kama mkebe mzima uko hivyo, basi yale 50 ya rangi ni sehemu moja kwa sita ya yote, yaani mkebe una karibu 300. Hii njia si ya kuchezea darasani tu, Johannes Petersen, mtaalamu wa samaki wa Denmark, alikuwa anatia samaki alama tangu miaka ya 1890, na mwaka wa 1930 Frederick Lincoln, mtafiti wa ndege, akaitumia hesabu ya aina hii kwa bata mwitu kule Marekani.

Sasa kundi la pili litapata 8 yenye rangi, waseme 375. La tatu 12, waseme 250. Hapo kelele inaanza, nani amekosea? Pengine hakuna. Waache wabishane, wachote tena na tena, waandike majibu yote ubaoni waone yanajazana wapi, hiyo nafasi kati ya majibu ndiyo kule kutokuwa na uhakika tunakozungumzia. Wakichota mengi zaidi inapungua, lakini haiishi.

Kuna makosa mengine hata kurudia hakusaidii. Mkorogo mbaya, rangi ikibanduka, mtoto akiweka mawili mfukoni (wataweka), na ziwani samaki wanahama na kufa.

Mwishoni watakuomba umwage mkebe mezani wahesabu. Mimi ningekataa, angalau siku hiyo, maana ziwa hakuna mtu atawamwagia.