Je, wajua kwa nini betri ya transponda ya mbio haibadilishwi kama ya rimoti?

Gokati, kile kigari kidogo cha mbio kisicho na mlango wala paa, kinavuka mstari kwa kilomita 100 kwa saa. Dereva ana hakika amemaliza mizunguko 12. Matokeo yakibandikwa ukutani, mbele ya jina lake pameandikwa 11. Injini haikuzima, tairi halikupasuka, na hakuna aliyemfanyia hila. Kilichokata roho ni betri ndogo iliyozikwa ndani ya kijiboksi cha plastiki nyuma ya kiti chake.

Kijiboksi hicho ndicho transponda. Kila kimoja kina namba yake, na kazi yake ni kuitaja namba hiyo tena na tena, mara nyingi kwa sekunde, kwa mawimbi dhaifu ya sumaku yasiyofika mbali. Kwenye mstari wa kumalizia lami imechanjwa mfereji mwembamba, ndani yake ukalazwa waya unaokwenda ng'ambo ya pili na kurudi. Gari likipita juu, waya husikia namba. Mashine iliyo kwenye chumba cha watunza muda hufuatilia jinsi sauti hiyo inavyopanda na kushuka, kisha inaandika saa ya kupita.

Usahihi wake ni wa elfu za sekunde, na si mbwembwe. Kwa kilomita 100 kwa saa, elfu moja ya sekunde ni kama sentimita tatu za barabara. Mtu mwenye saa ya mkononi huchelewa karibu sehemu ya tano ya sekunde kabla kidole hakijabonyeza, na hapo gokati imeshasogea zaidi ya mita tano. Hata elfu hizo kuna siku hazitoshi: Jerez, Uhispania, mwaka 1997, madereva watatu wa Formula 1, Villeneuve, Schumacher na Frentzen, walipata muda uleule katika kupanga nafasi za kuanzia: dakika 1 na sekunde 21.072. Nafasi ikabidi zigawiwe kwa kuangalia nani aliutangulia mwenzake kuuweka.

Sasa turudi kwenye betri. Magari makubwa hayana shida hii sana, kwa kuwa transponda yao huunganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 12 wa gari. Lakini gokati nyingi na pikipiki za motokrosi hazina betri ya kuazima, kwa hiyo transponda hutembea na umeme wake tumboni. Mfano mmoja wa zamani uliozoeleka katika vilabu vya Ulaya na Marekani ni TranX260, ya kampuni ya Uholanzi iliyoitwa AMB na leo inaitwa MYLAPS. Ukiichaji kwa saa 16 inafanya kazi siku nne hivi, na taa yake ya kijani hukuambia zimebaki siku ngapi kwa idadi ya mimweko.

Kwa nini basi wasiweke kifuniko na skrubu mbili? Fikiria rimoti ya nyumbani. Betri zake zimeshikwa na springi, na kila mtu ameshawahi kuipiga kofi ili ifanye kazi. Springi hiyo ikifungwa kwenye gokati isiyo na springi hata za magurudumu itacheza bila kukoma, na umeme ukikatika kwa kufumba na kufumbua juu ya waya, mzunguko mzima unapotea. Ongeza mvua, petroli, matope, na ile bomba ya maji ya nguvu wanayooshea pikipiki. Mtengenezaji akaona bora seli zichomelewe kwenye saketi, kisha kila kitu kifungiwe ndani moja kwa moja. Ni uamuzi mzuri kwa miaka ya mwanzo. Unageuka kero siku betri inapozeeka, kwa maana saketi bado ni nzima kabisa na namba bado imo kwenye kumbukumbu yake, haihitaji umeme ili idumu.

Na betri lazima izeeke. Katika transponda za zamani za aina hii seli ni za nikeli, kila moja volti 1.2, zimepangwa kwa kufuatana. Chaji baada ya chaji, kimiminika cha ndani hukauka na uwezo hupungua. Kinachoziua haraka, kwa maoni yangu, si mbio bali kabati. Kifaa hakina swichi ya kuzima, kwa hiyo ukikitupa kabatini majira ya baridi kinaendelea kutangaza namba yake gizani mpaka umeme uishe. Seli dhaifu inaishiwa umeme kwanza, wenzake wanaendelea kusukuma umeme ndani yake kinyumenyume, na hapo inaharibika moja kwa moja.

Wanaothubutu kuifungua hukata ganda kidogokidogo kwa msumeno mwembamba, wakiuogopa upande unaotazama barabara, maana huko ndiko uliko mzingo wa waya mwembamba kama unywele unaotoa mawimbi. Ukikatika huo, betri mpya haina faida. Kabla ya kung'oa chochote, picha inapigwa, chanya na hasi zinawekwa alama. Seli mpya hununuliwa zikiwa na vibati vya kuchomelea tayari. Ukigusisha chuma cha moto cha kuchomelea kwenye seli yenyewe, joto linaharibu utando wa ndani na umeua betri kabla haijaanza kazi.

Kuna kosa moja ambalo ni hatari, si hasara tu: kuweka betri ya lithiamu, kama ya simu, kwa sababu ni ndogo na ina nguvu. Zile saa 16 ni mwendo wa chaji ya nikeli, polepole na bila kuangalia sana kama betri imeshajaa. Lithiamu haivumilii hivyo. Itavimba, na inaweza kuwaka moto. Seli ya nikeli hurudishiwa seli ya nikeli, ya umbo lilelile, kisha ganda linazibwa kwa gundi ya epoksi isiyo na unga wa chuma, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi.

Mbona watu wajisumbue hivyo? Kwa sababu transponda nyingi za vizazi vipya huuzwa kwa usajili wa mwaka mmoja au kadhaa, na ukiisha kifaa kinanyamaza hata kama betri ni nzima. Ile ya zamani ililipiwa mara moja tu.

Iliyotengenezwa upya huchajiwa saa zote 16 bila papara. Ikitoka, hesabu mimweko ya kijani, na uihesabu tena kesho yake ili uone kama imepungua mmoja tu. Kisha ipeleke siku ya mazoezi, si ya fainali, ukamwombe mtunza muda akuonyeshe kwenye skrini namba yako imesikika mara ngapi ulipopita, na kwa nguvu kiasi gani ukilinganishwa na waliokuwa mbele na nyuma yako.