Bega linalouma si lazima liwe limetoka

Wiki hii nimepokea tena mama wa makamo kutoka Tandahimba aliyevutwa bega. Kwa miezi alikuwa hawezi kujisuka wala kufikisha mkono mgongoni, nyumbani wakasema bega limetoka, akaitwa fundi wa mifupa, akamkanyaga kwapani na kuvuta. Bega halikuwa limetoka. Lilikuwa limeganda, na mama ana kisukari.

Jamani, tuelewane. Bega hutoka ghafla: kijana kaanguka na bodaboda, au kadondoka kutoka juu ya mkorosho. Mviringo wa bega unapotea, pembe ya mfupa inachomoza, na mwenyewe kaushikilia mkono hataki uguswe. Mara nyingi mno kichwa cha mfupa hutokea mbele. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo, apigwe eksirei kwanza, maana huenda na mfupa umevunjika. Mimi humgusa pia ngozi ya upande wa nje wa bega: ikiwa imekufa ganzi, mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiungo umeumia, na kuvuta ovyo kutauumiza zaidi.

Maumivu yaliyoanza taratibu ni habari nyingine. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na kibakuli chake hakina kina, kama limau juu ya kisosi. Kinachokishikilia ni mfuko wa kiungo, kano na misuli minne ya bapa la bega. Kano ya msuli wa juu hupita penye nafasi finyu, ndiyo maana huchakaa kwa wanaobeba magunia ya korosho na wanaovuta nyavu.

Sasa mnaniambia, "Hawezi kuinua mkono." Hiyo haitoshi! Je, mtu mwingine akimwinulia, unapanda? Mgonjwa abane kiwiko ubavuni, akikunje, nami niuzungushe mkono kwenda nje. Ukikwama kwangu kama unavyokwama kwake, mfuko wa kiungo umesinyaa: bega limeganda. Nikiupandisha hadi juu bila shida, nikiuachia ukaporomoka, nashuku kano imechanika. Jaribio hili halihitaji kifaa, na linaeleza mambo ambayo eksirei haionyeshi. Picha naiomba hata hivyo, kwa sababu bega lililotokea nyuma, baada ya kifafa au kupigwa na umeme, nalo hukataa kuzunguka nje, na hujificha hata kwa daktari.

Lakini nisiwadanganye. Kwa nini bega linaganda, hakuna anayejua vizuri; tunajua tu kwamba wenye kisukari hupata zaidi, hasa kati ya miaka 40 na 60. Huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wengine hubaki na ukakamavu. Na kano iliyochanika? Wazee wengi wanayo na hawasikii maumivu yoyote, kwa hiyo nikiiona kwenye picha ya ultrasaundi au MRI siwezi kuapa kwamba ndiyo inayouma.

Lililoganda linyooshwe taratibu kila siku, vidole vitambae ukutani hadi panapoanza kuvuta, vishuke. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza maumivu ya mwanzo, ila hupandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo mwenye kisukari amwambie daktari kabla ya kuchomwa, na apime sukari kila siku baada ya hapo.