Unatafuta faili ya familia kortini? Kwanza jua nani aliiandika

Watu wengi wanaokuja kwangu hapa Koboko, wilaya ya Uganda kwenye mkoa wa West Nile, wanakuja na ombi moja, "nataka karatasi ya kortini ya baba" ama "nataka ile ya talaka yetu", na mimi hata jina siulizi kwanza, nauliza ilikuwa ofisi gani na mwaka gani. Wengine wanakasirika, yani wanadhani klaki anaandika jina kwenye kompyuta alafu faili inatokea. Nilikaa rejista, yani ofisi ya korti inayotunza faili, miaka kadhaa kabla sijaanza kusaidia watu huku nje, na nakwambia, kwenye wilaya ndogo kama yetu faili za familia hazipotei kama watu wanavyolalamika, mara nyingi zinatafutwa tu pahali ambapo hazijawahi kukaa.

Maana si kila jambo la familia liliamuliwa na korti. Chukua talaka za Waislamu, na huku West Nile ziko nyingi, Koboko, Yumbe, Arua mjini. Katiba ya Uganda ya 1995 inazitaja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na malezi ya watoto, lakini miaka na miaka imepita bila Bunge kutunga sheria ya kuziendesha, kwa hiyo wengi walimalizana kwa kadhi wa wilaya na kitabu kiko kwake, ukienda kortini utazungushwa bure. Ndoa ya kimila iliyoandikishwa, hiyo anza gombolola, yani ofisi ya tarafa. Ugomvi wa mume na mke uliopatanishwa kijijini uko kwenye daftari la katibu wa LC1, yani baraza la kijiji, kama daftari bado lipo. Matumizi ya mtoto, mara nyingi ilikuwa probesheni, yani ofisi ya ustawi wa watoto pale wilayani, ama polisi kwenye dawati la familia na watoto, na baba alisaini akaanza kutoa sente, basi. Zote hizi mtaani tunaita kesi lakini hazina namba ya korti.

Kama mtu hakumbuki, hasa hawa wazee wetu, mimi nauliza hivi: mama, wakati unaongea kulikuwa na mtu anageuza maneno yako kwa Kiingereza na hakimu anaandika? Korti zetu zinaandika kwa Kiingereza, ukiongea Kikakwa ama Kiswahili lazima mkalimani asimame hapo kati. Akisema ndiyo, kulikuwa na kijana mmoja anatafsiri, najua tunaenda kortini. Akisema hapana, tulikaa tu chini ya mwembe na wazee, tunarudi kwa LC.

Haya, imekuwa korti. Korti gani sasa? Talaka ya ndoa ya kanisa kwa Waafrika inaweza kusikilizwa na majistreti wa Gredi ya Kwanza ama Majistreti Mkuu, si lazima Mahakama Kuu. Kwa mirathi angalia thamani ya mali: Gredi ya Kwanza mwisho wake ni shilingi milioni 20, Majistreti Mkuu milioni 50, ikizidi hapo ni Mahakama Kuu Arua. Sasa mtu ana baba aliyeacha nyumba mjini na duka, anakaa wiki nzima kwenye korti ndogo, wakati hesabu yenyewe tu ingemwambia aende Arua. Mambo ya watoto yana Korti ya Familia na Watoto, sheria inataka iwepo kila wilaya, na usitafute jengo lake kwa sababu mara nyingi ni jengo lile lile na majistreti yule yule ila rejista tofauti. Hapo ndipo watu wanapokosea dirishani, wanauliza kesi ya mtoto kwenye kitabu cha kesi za madai, klaki anafunua anasema haipo, na kwenye kile kitabu kweli haipo.

Alafu mwaka. Huku kwetu mwaka ni kila kitu, kwa sababu wilaya zimegawanywa gawanywa. Koboko ilikuwa kaunti ya Arua mpaka 2005. Yumbe ilijitoa Arua 2000, Maracha 2010. Kama mzee wako wa Lobule ama Kuluba alifungua kesi 1998, ilifunguliwa Arua, na usitegemee kwamba wilaya ilipozaliwa mafaili yote yalipanda lori yakaja huku. Na ikiwa ilikuwa Mahakama Kuu, zamani hiyo ya karibu ilikuwa Gulu, kwa hiyo ukiona kwenye karatasi kuukuu namba inaanza na HCT-02, hiyo ni Gulu, acha kusumbua watu wa Arua. Za kabla ya vita vya 1979 na zile vurugu za 1980 zilizokimbiza watu wetu Sudan na Zaire, mimi huwaambia wateja ukweli mapema, omba lakini usiweke matumaini yote hapo.

Kuna mfumo wa kompyuta unaitwa ECCMIS, ulizinduliwa Machi 2022, na vijana wanapenda kuniambia siku hizi kila kitu kiko online. Hapana. Ulianzia korti za juu na korti chache za majistreti, na kesi ya 2009 ya korti ndogo iko kwenye kitabu kikubwa chenye jalada gumu na kona zilizolika. Fungua hicho kitabu uone kilivyo: mstari mmoja kwa kila kesi, namba, tarehe ya kufunguliwa, majina ya pande mbili, aina ya kesi, alafu mwisho kabisa tarehe iliyoisha na ilivyoisha. Hiyo safu ya mwisho mara nyingi iko tupu. Ikiwa tupu haimaanishi kesi haikuisha, mara nyingi ina maana tu klaki hakurudi kuandika. Vitabu vinapangwa kwa mwaka, kwa namba, hakuna orodha ya majina nyuma, ndiyo sababu ukija na jina peke yake klaki lazima asome mstari kwa mstari, na saa nane mchana na foleni mpaka nje hatasoma. Ukija na mwaka na aina ya kesi, kwa mfano AC kwa usimamizi wa mirathi, kazi inakuwa ya dakika chache.

Na majina, jamani. Klaki aliandika alivyosikia. Rajabu yuko kama Rajab, Rajabo, hata Lajabu. Aisha ni Asha, Ayisa. Andika kwenye kikaratasi kila namna unayoweza kufikiria, weka na la upande wa pili, maana kesi ya mirathi inaweza kuwa chini ya jina la shangazi aliyeomba usimamizi na si la marehemu.

Kama namba haipatikani kabisa, pitia mlango wa nyuma, namaanisha wa halali. Anayeomba usimamizi wa mirathi kwa kawaida alipita kwanza kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi ama ofisi ya CAO, afisa mtendaji mkuu wa wilaya, inayomwakilisha, na ombi lilitangazwa siku 14 kabla korti haijatoa hati, mara nyingi kwenye gazeti. Kama ardhi ilihamishwa baadaye, ofisi ya ardhi ya kanda pale Arua itakuwa na kopi ya ile hati kwenye jalada la kiwanja. Benki iliyotoa sente za marehemu pia. Kopi yoyote ya hizo ina namba ya kesi juu yake, na namba ndiyo unayotafuta.

Ukishaipata andika barua. Usiende na mdomo tu. Mahakama Kuu unamwandikia Msajili, korti ya chini unamwandikia Majistreti Mkuu, kwa Kiingereza kama unaweza, kijana yeyote wa sekondari atakusaidia. Iwe fupi: namba ya kesi, majina, mwaka, wewe ni nani kwenye kesi hiyo, unataka nini hasa na unaitaka kwa ajili gani. Hapo kwenye "nini hasa" ndipo barua nyingi zinakwama. Mtu anaandika naomba faili. Faili hupewi, faili ni ya korti. Unaomba kuisoma palepale, ama unaomba kopi iliyothibitishwa ya hukumu, ya amri, ya hati ya usimamizi, ama ya mwenendo mzima wa kesi. Kwa talaka taja amri ya mwisho, kwa sababu kwanza inatoka amri ya muda na ya mwisho inangoja angalau miezi sita, na nimeona watu wanataka kuoa tena na karatasi ya amri ya muda mkononi. Mwenendo mzima majistreti aliuandika kwa mkono, lazima uchapwe, hapo subira. Kama unataka kukata rufaa iandike barua hiyo mara tu hukumu imesomwa, kwa maana siku 30 za rufaa zinahesabiwa bila ule muda korti inaotumia kukuandalia kopi. Na ushahidi kwamba uliomba ni nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa hiyo peleka barua mbili.

Kuhusu sente: unapewa makadirio na namba ya malipo ya URA, mamlaka ya kodi, unalipa benki ama kwa simu, unarudisha risiti. Ada yenyewe ni ndogo. Akikwambia mtu mpe yeye mkononi ni rahisi zaidi, hiyo si ada.

Kuna kitu kimoja utanyimwa na mimi naunga mkono. Korti ya watoto inakaa faragha, na faili ya mtoto, iwe ya malezi au ya kuasili, haitolewi kwa jirani wala mjomba mwenye kiherehere. Kama si mzazi, mlezi, mtoto mwenyewe aliyekua ama wakili wao, jiandae kueleza vizuri sana. Kesi ambayo bado inaendelea nayo iko nje ya Sheria ya Kupata Habari ya 2005, na ikiisha hiyo sheria inakusaidia.

Faili ikikosekana kabisa, usikubali jibu la mdomo "haionekani". Omba waandike. Barua ya korti kwamba faili haionekani ndiyo inayofungua njia ya kuomba iundwe upya kutoka kopi za mawakili, za pande zote mbili na za faili ya rufaa kama ilikuwepo.

Siku ya kuchukua kopi, isomee palepale dirishani. Angalia kila ukurasa upo, maneno ya kuthibitisha kwamba ni nakala halisi, jina na cheo cha aliyesaini, tarehe, na muhuri uwe unasomeka. Wa kwetu huku wenye ndugu Juba, Sudan Kusini, kama karatasi inaenda kutumika nje ya nchi, muhuri wa korti peke yake mara nyingi hautoshi, uliza mapema kama wanataka ipite wizara ya mambo ya nje Kampala, ili usipande basi mara mbili.