Harage lililogoma kuingia kikombeni: dhana potofu kuhusu kutazama fizikia ya pande tatu

Chora kikombe kwa vipembetatu, kiweke mezani ndani ya MuJoCo, programu ya kuiga fizikia kwenye kompyuta, kisha achilia harage moja juu yake. Halizami. Linatua kwenye mdomo wa kikombe na kukaa pale hewani, kana kwamba kuna mfuniko usioonekana. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilipoteza jioni nzima nikibadilisha uzito wa harage, nikiamini programu imeharibika.

Programu ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa dhana yangu, na wengi wanaoanza wanayo: kinachoonekana ndicho kinachogongana. Ukweli ni kwamba kitu kimoja huwa na maumbo mawili, la kutazamwa na la kugongana. Faili za URDF zinazoeleza roboti huyaandika kila moja mahali pake. MuJoCo, ikipewa umbo la vipembetatu, hulivisha ngozi isiyo na bonde wakati wa kukokotoa migongano, mfano wa kikombe kilichofungwa kwa plastiki ikavutwa mpaka ikakaza. Tundu lote linazibika. Ukibonyeza H kwenye dirisha lake utaiona ngozi hiyo, na C itakuonyesha sehemu zinapogusana. Dawa yake ni kukijenga kikombe kwa vipande: kitako kimoja na kuta bapa zinazokizunguka. Siku hizi mtu akiniambia fizikia yake imekosea, namwomba kwanza abonyeze H.

Dhana nyingine: dirisha likifungwa, hesabu zinasimama. Si lazima. Kuhesabu ni kazi moja na kuchora ni nyingine. PyBullet, programu nyingine ya kuiga fizikia, ina hali ya DIRECT isiyo na dirisha kabisa. Gazebo, ya kuiga roboti, nayo ukiandika `gz sim -s` inawasha seva, yaani sehemu inayohesabu, peke yake, na `gz sim -g` inawasha dirisha peke yake. Kwa hiyo mashine isiyo na skrini inaweza kuhesabu usiku kucha, na wewe ukafungua dirisha asubuhi.

Hata dirisha likiwa wazi, halikuonyeshi kila kitu. MuJoCo, usipoibadilisha, hupiga hatua za sekunde 0.002, yaani hatua 500 katika kila sekunde ya ulimwengu wake. Skrini nyingi huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata kuna hatua kama nane ambazo jicho lako halikuziona. Picha ikikwamakwama, usikimbilie kusema hesabu ni mbovu. Na ikiteleza vizuri, usikimbilie kusema ni sahihi.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii, kwa sababu inawakatisha tamaa wanafunzi wenye bando dogo: kutazama kwa mtandao ni sawa na kutazama video, kunataka intaneti nene. Chukua Meshcat, inayofungua mandhari ndani ya kivinjari. Maumbo hutumwa mara moja mwanzoni. Baada ya hapo kinachosafiri ni mahali kitu kilipo na kilivyogeuka tu: jedwali la namba 16 kwa kila kitu. Tuseme kila namba ni baiti 4, hivyo kila kitu kinabeba baiti 64. Mkono wa roboti wenye vipande 10, ukituma mara 20 kwa sekunde, unatumia kilobaiti 12.8 kwa sekunde. Kwa saa nzima ni kama megabaiti 46, ukiacha nyongeza ndogo za mtandao wenyewe. Picha moja tu ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa ni megabaiti 6.2. Tena ukiizungusha kamera, kazi hiyo inafanyika kwenye kompyuta yako, kwa hiyo haigandi hata mtandao ukisuasua.

Hesabu hiyo inabadilika kwa nguo na maji. Kitambaa chenye nukta 100,000 kinabadilika umbo lote kila wakati, na kila picha mpya ni megabaiti 1.2 za namba. Hapo ni nafuu seva ichore yenyewe ikutumie picha. ParaView, programu ya kutazama data za kisayansi, inaweza kufanya uamuzi huo kwa kupima ukubwa wa data.

Dhana ya mwisho: fungua poti, yaani mlango wa seva kwenye mtandao, kwa wote, nani atahangaika nayo? Hapa nasisitiza kwa dhati. Programu ya seva ya ParaView husikiliza kwenye poti 11111, na mazungumzo yake hayafichwi. Anayekutangulia kuunganisha anaweza kuvinjari mafaili ya seva kwa ruhusa zako mwenyewe. Acha ukuta wa moto (firewall) uifunge poti hiyo kwa nje, upite kwa SSH, njia ya kuunganisha kompyuta ambayo mazungumzo yake yamefichwa:

`ssh -L 11111:localhost:11111 jina@seva`

Kisha kwenye kompyuta yako mwambie ParaView iunganishe na localhost.