Kabla Hujasema Mchezaji Atemwe, Soma Mkataba Wake

Msimu wa besiboli ukiisha Marekani, mashabiki wa kila timu huanza kazi ileile: kuchagua nani atemwe. Majina hupangwa kwa ukubwa wa mshahara. Huyu analipwa dola milioni 20 na hapigi mpira, aondoke. Yule ana miaka mitatu iliyobaki na bega bovu, mkataba wake uvunjwe. Mimi ni mwanasheria na mikataba ya wachezaji ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nayafuatilia mabishano haya kwa karibu, hasa ya mashabiki wa Boston Red Sox. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaufahamu mji huo kwa sababu ya wakimbiaji wa Kenya. Siku ya mbio za marathoni Red Sox hucheza asubuhi Fenway Park, na wakimbiaji hupita jirani na uwanja huo. Mimi naifuata klabu hiyo kwa sababu nyingine: tangu karne hii ianze imejaribu karibu kila njia ya kuondokana na mkataba mzito. Imefaulu vizuri sana, na imekosea vibaya sana.

Jambo la kwanza ambalo mashabiki husahau ni kwamba mkataba wa Ligi Kuu ya Besiboli haufutiki kwa sababu mchezaji ameshuka kiwango. Kwa desturi fedha zilizoandikwa hulipwa zote, mchezaji awe uwanjani, awe majeruhi, au awe amekwishaachwa. Kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, sehemu kubwa ya mkataba huwa haina dhamana, na klabu ikimwacha mchezaji inaokoa fedha za kweli. Kwenye soka letu pande mbili hukaa mezani zikakubaliana kuachana kwa malipo fulani. Mchezaji wa besiboli ana sababu gani ya kukaa mezani apunguziwe? Chake kipo salama.

Albert Pujols ndiye mfano ulio wazi kuliko yote. Desemba 2011 alisaini na Los Angeles Angels mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 240. Mei 2021, katika mwaka wa mwisho, akiwa anapiga kwa wastani wa .198, yaani chini ya mipigo miwili iliyofaulu katika kila majaribio kumi, Angels walimwondoa kikosini. Klabu ikifanya hivyo jina la mchezaji hutoka kwenye orodha ya wachezaji 40 ambamo kikosi cha mechi huchaguliwa, na klabu hupewa siku chache za kumhamishia kwingine. Timu nyingine yoyote inaweza kumchukua, lakini ikimchukua katika siku hizo inabeba na mkataba wake mzima. Hakuna aliyethubutu kubeba wa Pujols. Mshahara wake wa mwaka ule ulikuwa dola milioni 30. Zile siku zilipopita akawa huru, Los Angeles Dodgers wakamsajili kwa kima cha chini cha ligi, na Angels wakaendelea kulipa salio lote.

Kwa hiyo shabiki anaposema “tumteme, tuokoe milioni 20”, kinachookolewa hasa ni kile kima cha chini, na hicho nacho mpaka patokee timu nyingine ya kumsajili. Kwa mwaka 2026 kima hicho ni dola 780,000.

Fedha zikishatoka, klabu inabaki na nafasi. Kikosi cha siku ya mechi kina wachezaji 26, hakuna wa 27 wakati wa msimu wa kawaida isipokuwa Septemba na siku chache maalumu. Ndiyo maana mimi hupima kila jina kwa swali moja: mchezaji huyu angekuwa analipwa kima cha chini, angestahili kuwa miongoni mwa hao 26? Akistahili, abaki, hata kama mshahara wake unaudhi. Asipostahili, aondoke leo, hata kama klabu itamlipa dola milioni 40 akiwa nyumbani. Kumweka kikosini ili “fedha zisipotee” ni kulipa mara mbili, mara ya kwanza kwa hundi, mara ya pili kwa mechi anazokupotezea.

Red Sox waliupita mtihani huu mwaka 2017. Novemba 2014 walimsajili Pablo Sandoval, mchezaji wa kituo cha tatu, kwa miaka mitano na dola milioni 95. Alicheza vibaya mwaka wa kwanza, akafanyiwa upasuaji wa bega mwaka wa pili, na Julai 2017 klabu ikamwondoa huku ikidaiwa naye karibu dola milioni 49. Wapo mashabiki waliopiga kelele kwamba huo ni wizi wa mchana. Nafasi ya kituo cha tatu ikawa wazi, na kabla ya mwezi kwisha klabu ikamwita Rafael Devers kutoka ligi ndogo, zile zilizo chini ya ligi kuu, kijana wa miaka 20. Tarehe 13 Agosti, New York, dhidi ya Yankees, Red Sox wakiwa nyuma kwa pointi moja katika kipindi cha tisa, ambacho kwa kawaida ndicho cha mwisho, Devers aliupiga mpira wa mrushaji Aroldis Chapman uliokuja kwa kasi ya karibu maili 103 kwa saa ukatoka nje ya uwanja. Mwaka uliofuata Boston ilitwaa ubingwa wa World Series, fainali ya ligi, naye akiwa kikosini. Milioni 49 zile hazikurudi hata senti. Hazingerudi vilevile kama Sandoval angebaki.

Njia ya pili ni kumpata wa kuubeba mkataba, na hapa ndipo mabishano yanapostahili uzito wake. Klabu inayopokea mkataba mbovu hutaka kitu cha kuufidia. Inaweza kutaka fedha taslimu: mwaka 2021 Colorado Rockies walimpeleka Nolan Arenado St. Louis pamoja na takriban dola milioni 50, ingawa alikuwa miongoni mwa walinzi bora kabisa wa kituo cha tatu. Au inaweza kutaka mchezaji mzuri afungashwe na yule mbovu, kama muuza duka wa enzi za uhaba aliyekufungia sukari pamoja na bidhaa isiyotoka.

Boston wamefanya biashara hiyo ya kufungasha mara mbili, na mara zote mteja alikuwa Dodgers. Agosti 2012 timu ilikuwa imeoza. Ilimaliza msimu na ushindi 69 na vipigo 93, matokeo mabaya kuliko yote tangu 1965. Carl Crawford, aliyesajiliwa Desemba 2010 kwa miaka saba na dola milioni 142, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko siku mbili kabla ya dili kukamilika. Josh Beckett alikuwa amechokwa na mji mzima. Hakuna klabu ambayo ingewagusa hao wawili peke yao. Lakini Dodgers walikuwa na wamiliki wapya, walioinunua klabu mwaka huohuo kwa zaidi ya dola bilioni 2, na walimtaka sana Adrian Gonzalez, mpigaji ambaye bado alikuwa na nguvu. Boston wakasema: mkimtaka Gonzalez, mchukueni na Crawford na Beckett. Mikataba ya zaidi ya dola milioni 250 ikahama kwa siku moja.

Kilichoifanya biashara hiyo ifae ni kilichofuata. Meneja mkuu Ben Cherington hakuzitumia fedha zile kwa jina moja kubwa. Alimsajili Shane Victorino kwa miaka mitatu na dola milioni 39. Mike Napoli alipewa mwaka mmoja baada ya vipimo kuonyesha ugonjwa wa nyonga. Koji Uehara, mrushaji wa Kijapani mwenye miaka 37, akaja kwa fedha ndogo. Ilikuwa mikataba mifupi, ya watu wazima wanaojua kazi yao. Mwaka 2013 Red Sox walishinda mechi 97 na kuchukua ubingwa ndani ya Fenway, jambo lililokuwa halijaonekana hapo tangu 1918. Victorino alipiga mpira ulioingiza pointi nne katika mechi iliyowapeleka fainali, na Uehara akaingia mwishoni na kulinda ushindi katika mechi nyingi kuliko alivyotarajiwa na yeyote. Crawford naye? Dodgers walimwacha mwaka 2016 huku wakidaiwa naye karibu dola milioni 35.

Februari 2020 wakarudia njia ileile, na safari hii naamini kabisa kwamba walikosea. Mkataba uliowalemea ulikuwa wa David Price, mrushaji aliyesajiliwa kwa miaka saba na dola milioni 217. Ilibaki miaka mitatu na dola milioni 96. Mchezaji mzuri waliyemfungasha naye alikuwa Mookie Betts, mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2018. Boston walikubali kubeba nusu ya fedha za Price, kisha wakampoteza Betts. Hapakuwa na upungufu wa fedha Boston. Kilichowasukuma ni kodi ya anasa, tozo ambayo ligi huitoza klabu inayolipa mishahara kupita kiwango fulani. Mwaka 2020 kiwango kilikuwa dola milioni 208. Klabu ikivuka mwaka mmoja hutozwa asilimia 20 ya kilichozidi, mwaka wa pili mfululizo 30, wa tatu 50, na ikishuka chini hata mwaka mmoja tu hesabu huanza upya. Red Sox walikuwa wamevuka 2018 na 2019. Walitaka kuanza upya, na walianza upya. Betts amekuwa bingwa na Dodgers mwaka 2020, 2024 na 2025.

Mwaka 2012 Boston walimtoa mchezaji mzuri ambaye angeweza kuzibwa pengo. Mwaka 2020 walimtoa yule ambaye wachezaji wa aina yake hutokea mmoja katika kizazi, ili kupunguza tozo. Shabiki anayeandika “afungashwe na fulani” amwangalie kwanza huyo fulani ni nani. Devers mwenyewe, yule kijana wa mwaka 2017, alikuja kupewa mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 313.5, na Juni 2025 akapelekwa San Francisco baada ya mvutano kuhusu nafasi ya kucheza. Giants waliubeba mkataba wote uliobaki bila Boston kuchangia salio hilo. Kwa hesabu za mkataba ni usafi usio na kifani. Lakini nafasi yake haizibiki kwa hesabu hizo.

Kodi ya anasa ina jambo jingine ambalo wengi hawalioni: haitazami mshahara wa mwaka husika, inatazama wastani wa mkataba. Milioni 95 za Sandoval kwa miaka mitano ni 19 kila mwaka, na hizo 19 zilihesabiwa hata baada ya yeye kuondoka. Aliyeumizwa zaidi na hesabu hizi ni Rusney Castillo, Mkuba aliyesajiliwa Agosti 2014 kwa dola milioni 72.5. Mwaka 2016 klabu ilimtoa kwenye orodha ya 40 na kumpeleka ligi ndogo, Pawtucket, ambako kwa kanuni za wakati ule mshahara wake haukuhesabiwa kwenye kodi. Alipiga vizuri, wastani wa zaidi ya .300 mwaka 2017 na tena 2018. Hakuitwa. Kumrudisha Boston kungemaanisha mshahara wake uhesabiwe tena. Aliingia miaka yake bora ya uchezaji akiwa analipwa kama nyota na kufungiwa kama asiyefaa. Huwa naumia nikisoma mashabiki wakimwita mzigo, kwa sababu hakupewa uwanja wa kuthibitisha kwamba si mzigo.

Sasa ipo mikataba ambayo klabu inaweza kweli kuiacha bila kulipa chochote, na hiyo ndiyo isiyojadiliwa. Mchezaji akifikisha takriban miaka mitatu ya utumishi ligi kuu, anapata haki ya kupeleka mshahara wake kwa wasuluhishi, na kila mwaka malipo yake hupanda mpaka afikishe miaka sita na kuwa huru. Lakini kila Novemba klabu ina tarehe ya mwisho ya kuamua kama itampa mkataba wa mwaka unaofuata. Isipompa, anaondoka na klabu haidaiwi kitu. Hapa ndipo kalamu ya meneja ina nguvu kamili, na majina yenyewe ni ya watu wa dola milioni moja, mbili, tatu, ambao shabiki wa kawaida hawajui vizuri.

New York Mets walimnyima Justin Turner mkataba wa namna hiyo mwishoni mwa 2013. Dodgers walimchukua kwa mkataba wa ligi ndogo, akawa nguzo yao ya kituo cha tatu kwa miaka, na bingwa wa 2020. Kabla yake, Desemba 2002, Minnesota Twins walimwacha mpigaji wa miaka 27 aliyekuwa ametoka kupiga homurani 20 (mipira inayotoka nje ya uwanja), ambaye mshahara wake ulikuwa unaelekea kupanda. Mwezi uliofuata Boston wakamsajili kwa dola milioni 1.25. Alikuwa David Ortiz. Aliwapa ubingwa wa 2004, 2007 na 2013, na katika fainali ile ya 2013 alipiga kwa wastani wa .688. Novemba ijayo kila klabu itatoa orodha yake ya wasiopewa mkataba, na jioni hiyo mimi nitaanza kusoma kutoka chini, kwa wale wanaolipwa kidogo.