Alias Grace: tunachodhani na kilichotokea

Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada, alitoa riwaya ya Alias Grace mwaka 1996, na tangu hapo wengi wameisoma kana kwamba ni jalada la polisi. Kisa chenyewe ni cha kweli. Julai 1843, karibu na Toronto, bwana mmoja aitwaye Thomas Kinnear aliuawa pamoja na msimamizi wa nyumba yake, Nancy Montgomery. Watumishi wao wawili, James McDermott na Grace Marks, walitoroka na kuvuka ziwa hadi Marekani, wakakamatwa huko. Grace alikuwa binti wa Kiairishi wa miaka 16.

Dhana: Watu wote wa kitabuni waliwahi kuishi.

Ukweli: Daktari Simon Jordan, anayekaa na Grace wakati wa kifungo chake akimsikiliza, ni wa kubuni. Mary Whitney, rafiki wa Grace kitabuni, ana utata kidogo: jina hilo lilikuwepo, maana ndilo Grace alilojificha nalo, lakini urafiki wao tunaousoma ni wa Atwood. Mwenyewe anaeleza mwishoni mwa kitabu kwamba penye ukweli thabiti hakugeuza kitu. Alijaza mapengo tu.

Dhana: Aliyeandika zama zile, akamwona Grace kwa macho yake, ndiye wa kuaminiwa zaidi.

Ukweli: Susanna Moodie, mwandishi wa zama hizo, alimwona Grace gerezani Kingston, Kanada, akachapisha habari zake mwaka 1853. Akaandika kuwa mwili wa Nancy ulikatwa vipande vinne. Si kweli. Nancy alipigwa shoka, akakabwa koo, na mwili wake ukakutwa chini ya nyumba, umefunikwa kwa pipa la kufulia. Atwood naye alimwamini Moodie alipoandika mchezo wa televisheni juu ya kisa hiki mwaka 1974. Baadaye akarudi kwenye magazeti ya wakati ule, akayaona makosa, akaanza upya. Kwangu hilo ni jambo kubwa kwa mwandishi.

Dhana: Grace alinyongwa.

Ukweli: Aliyenyongwa ni McDermott, Novemba 1843. Hukumu ya kifo ya Grace iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alitumikia karibu miaka 30, akasamehewa mwaka 1872, akaenda New York.

Dhana: Mahakama iliwatia hatiani kwa mauaji yote mawili.

Ukweli: Hili ndilo linaloniuma. Kesi iliyosikilizwa ni ya Kinnear peke yake. Washtakiwa walipokwisha kuhukumiwa kifo kwa ajili ya bwana, ikaonekana hakuna haja ya kusikiliza kesi ya mtumishi wake. Nancy alikuwa mjamzito. Wasomaji hubishana miaka nenda rudi kama Grace alishiriki au la, na mimi nimebishana nao. Lakini swali la nani alimuua Nancy Montgomery halikuwahi kupelekwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, hata kwa siku moja.