Mtoto kanywa mafuta ya taa, maziwa ya nini sasa?

Mgonjwa wa sumu akifika kwetu dharura huwa nauliza mapema kabisa kapewa nini huko nyumbani, na majibu nayajua kabla hayajatoka: maziwa, mafuta ya kula, yai bichi, maji ya chumvi, au katiwa kidole kooni mpaka katapika. Ndugu wanasema kwa fahari kabisa, dokta tumeshamsaidia, kumbe wamemwongezea hatari.

Chukua mafuta ya taa, ambayo wanaoyanywa ni watoto hasa wale wanaoanza kutembea. Mtu kanunua dukani kaweka kwenye chupa ya maji au soda, kaacha chini ya meza, mtoto ana kiu, atajuaje? Sasa haya mafuta yakikaa tumboni hayana neno sana, balaa lake ni mapafuni. Ni mepesi mno, mtoto akitapishwa yanateleza yanaingia njia ya hewa na nimonia ya kemikali inaanzia hapo. Ndo maana tunamkalisha angalau masaa 6 tunaangalia anavyopumua, na wazazi wanakasirika mbona anacheza tu mnatuweka kwa nini, jamani vumilieni. Jiki na asidi ya betri nazo msimtapishe, iliunguza koo ikishuka itaunguza tena ikirudi.

Msimu wa kilimo wanakuja wa dawa za kunyunyizia, mwingine hata hajanywa, kapiga dawa siku nzima shati limelowa na imepita kwenye ngozi. Utamwona mate yanamtoka, machozi, jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, kifua kimejaa maji. Vua nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, na wewe unayeosha vaa glavu. Sisi tutampa atropini tena na tena mpaka kifua kikauke, ila njooni na kopo lake lenye lebo au hata picha kwenye simu, maana "dawa ya mahindi" hainiambii kitu.

Panadol ndo zinadanganya watu kuliko zote. Mtu kazidisha, leo yuko freshi anaongea, kumbe ini linaharibika taratibu, siku ya pili ya tatu ndo macho yanageuka njano. Dawa yake ipo na inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya masaa 8, kwa hiyo usingoje aumwe.

Sehemu nayo ina sumu yake. Kule kwenye baridi, Njombe na Makete, ni jiko la mkaa limeingizwa chumbani milango imefungwa, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, mkiamka nyumba nzima vichwa vinauma tokeni nje haraka. Pemba ni nyama ya kasa, Machi 2024 kisiwani Panza walikufa watu 9, watoto 8 na mtu mzima mmoja. Kuipika sana hakuondoi ile sumu, na mama akila inaweza kumfikia mtoto anayenyonya kupitia maziwa, basi tu muacheni huyo kasa.

Wapo pia waliokunywa kwa kukusudia, hili tusifichane. Familia inakuja na hadithi ya "alikosea dawa ya kikohozi" kwa sababu ya aibu au kuogopa polisi, na sisi tunapoteza muda kutafuta kitu ambacho hakipo. Tuambieni ukweli, hatuko pale kuhukumu mtu, na mgonjwa msimseme wala msimwache peke yake, akishatulia kuna watu wa afya ya akili wa kuongea naye. Halafu habari ya kupitia kituo cha polisi kwanza kutafuta PF3, ile fomu yao ya matibabu, wakati mtu anakoroma kwenye bodaboda, hapana, dharura inatibiwa kwanza, ndugu mmoja afuate hiyo karatasi baadaye. Akiwa amezimia mlazeni kwa ubavu na msimnyweshe kitu chochote, hata hayo maziwa.